Konokono aliyesomewa hitima angali hai

Assalaam aleikum. Ahsanteni kwa kuja, na mtuwie radhi kwa joto. Feni ya nyuma imegoma tangu asubuhi.

Nianze na kobe. Nani humu ndani hajafika kisiwa cha Changuu? Mikono miwili tu. Basi wengine mnawajua wale wazee, shingo zimejikunja, wanatafuna mchicha wa wageni bila haraka. Wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, na kwao hasa ni Aldabra. Aldabra ni atoli, yaani pete ya visiwa vya matumbawe iliyouzunguka wangwa mkubwa. Serikali yake ni ya Shelisheli, lakini chukueni ramani na rula: kutoka hapa Unguja mpaka Aldabra ni karibu kuliko kutoka Mahé, mji wao mkuu ulipo. Kobe wa kule wanakadiriwa laki moja. Leo lakini sikuja kwa ajili ya kobe. Nimekuja kwa ajili ya jirani yake, ambaye kobe akimkanyaga hata habari hana.

Wataalamu wanamwita Rhachistia aldabrae. Ni konokono wa vichakani, hafiki urefu wa kidole gumba chako. Gamba lake limechongoka, rangi ni zambarau iliyokolea, limezungushwa mistari ya waridi. Ungemkuta chini ungedhani ushanga umemkatikia mtu. Duniani kote hayuko ila Aldabra.

Mara ya mwisho aliripotiwa akiwa hai mwaka 1997. Mwaka 2007 mtaalamu Justin Gerlach akaandika katika jarida la Biology Letters kwamba ametoweka. Hoja yake ilikuwa na mantiki: vichaka viko vilevile, hakuna aliyevikata, ila mvua imepungua, ukavu ukirefuka konokono wadogo wanakufa kabla hawajakomaa, na wakubwa wakizeeka hakuna wa kuwarithi. Kwa hiyo akaingia kwenye hotuba na vitabu kama kiumbe aliyeuawa na mabadiliko ya tabianchi. Hitima ikasomwa, watu wakatawanyika.

Tarehe 23 Agosti 2014, watu wa Wakfu wa Visiwa vya Shelisheli, ndio wanaoitunza Aldabra, walikuwa kwenye vichaka vizito vya kisiwa cha Malabar, mojawapo ya visiwa vinne vikubwa vya atoli. Wakamuona. Wakahesabu saba, wazima.

Agosti, angalieni! Kusi imeshika, nchi kavu. Mimi ningeulizwa niende lini, ningesema subirini kaskazi na mvua zake.

Sasa tuulizane: miaka kumi na saba alikuwa wapi? Alikuwa kwake. Swali la haki ni sisi tulikuwa wapi. Wa Makunduchi mpo? Nyinyi mnaujua uwanda wetu, mnajua kiatu kinavyoliwa na jiwe. Chukueni jiwe lile, mlinoe, mlitoboetoboe mashimo ya kumeza mguu, kisha juu yake mpande vichaka vilivyofumana kama mkeka. Ndiyo Aldabra. Jiwe lenyewe wanaliita champignon, Kifaransa cha uyoga, maana limeliwa chini likabaki na kofia. Jina la chakula kwa kitu kinachochana watu ngozi! Sehemu kubwa ya nchi ile hakuna mguu wa mtafiti uliowahi kuikanyaga. Clive Hambler wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake waliyasema hayo kwa barua mwaka uleule wa 2007, kwamba huwezi kutangaza msiba wa nyumba ambayo vyumba vyake vingi hujavifungua. Jarida halikuichapa barua yao.

Na konokono mwenyewe ni mjanja wa kujificha bila kujua kwamba anajificha. Wa nchi kama hizi, ukame ukiingia, hujibandika kwenye kijiti, akaziba mdomo wa gamba kwa ute. Ute ukikauka unakuwa kama karatasi ya andazi. Hapo analala miezi, hatembei, hali, na wewe unampita ukidhani ni fundo la mti.

Niliwahi kukaa Kiwengwa siku tatu namtafuta wetu mmoja, wa kawaida kabisa. Nimepekua majani, nimechungulia mapango, mbu wamenila, nimepata magamba matupu tu. Usiku wa nne ikanyesha. Saa tano nikatoka na tochi kwenda chooni, na kwenye mpapai, hatua kumi kutoka mlango niliolala, wamepanda kama waliotumwa. Siku zote tatu nilikuwa nawapita. Mwenyeji wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Hayo magamba matupu nayo yanadanganya. Kwenye ardhi ya matumbawe chokaa ni nyingi, gamba la maiti linadumu. La karibuni lina ngozi nyembamba ya juu na rangi yake. La zamani limebabuka, jeupe, ukilishika linaacha unga kidoleni. Mtu akikuletea mfuko wa magamba meupe akasema wapo wengi, au akasema wamekufa wote, mrudishie mfuko wake.

Mwaka ule wa 2014 wapo waliofurahi kupita kiasi. Wakasema, mnaona, hayo mambo ya tabianchi ni hadithi. Jamani! Konokono saba kichakani hawakuinyeshea Aldabra mvua. Mtoto wa konokono bado anakufa na ukavu. Kilichoanguka ni neno moja, "ametoweka", na neno hilo lina masharti. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe walio hatarini, inataka pasibaki shaka ya msingi kwamba wa mwisho amekufa: watu wawe wametafuta kwa kina mahali pote anapojulikana au kutarajiwa, kwa saa zinazofaa na misimu inayofaa. Gerlach simcheki. Alisema jambo linaloweza kupimwa, likapimwa. Ninaowalaumu ni sisi tuliolipokea kwenye slaidi zetu bila kuuliza ni mita ngapi zilitembewa. Na mimi nilikuwa nayo slaidi hiyo.

Kijana pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: akimuona konokono asiyemjua huko msitu wa Jozani, amlete? Usimlete, mwanangu. Mpige picha alipo, gamba kwa upande na mdomo wake. Andika mti gani, kimo gani kutoka chini, saa ngapi, mvua ilinyesha lini. Usirushe mahali penyewe mitandaoni, wapo wanaonunua magamba.

Na siku usipomuona, andika pia. Hili vijana hawapendi, wanaona daftari linatia aibu. Langu la Kiwengwa ninalo hapa, mtaliona mkipita: "Siku ya kwanza, saa nne mchana mpaka saa tisa, jua kali, hakuna. Siku ya pili, saa moja usiku mpaka saa nne, pakavu, hakuna. Siku ya tatu, hakuna, mbu."