Kura ni siri, kidole je?

Assalamu alaykum, na wale wa Bwana Asifiwe, hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Walionisikia Likoni na Kisauni wanajua kumi na tano zitaishia kwenye vidole vya mwanamke mmoja, basi nianze na hivyo vidole tusizungushane.

Mwaka 2022 nilikuwa karani wa kituo cha kupigia kura, shule moja hapa kisiwani Mombasa. Tarehe 9 Agosti, saa nne za asubuhi hivi, kaingia mama mmoja na buibui lake na ninja, macho tu. Karani mwanamke akamchukua pembeni akamtazama uso, mashine ikamsoma kidole gumba mara moja. Akapewa karatasi tano, si sita, mnakumbuka kura yetu ya gavana ilikuwa imeahirishwa. Akaingia kwenye kibanda, akatoka, akatumbukiza zote, akaja kwangu kwa wino. Nikamwambia lete kidole cha mwisho. Akatoa mkono.

Jamani! Vidole vyote vina piko, ile rangi wanawake hujipambia arusini, nyeusi tii, kuanzia kucha mpaka kiungo cha kwanza. Vyote isipokuwa gumba. Gumba kakiacha kitupu, cheupe, kimeoshwa.

Nikamuuliza, "Harusi?" Akainama, akaninong'oneza: "Harusi ya nani, Mwalimu? Kwetu kura ni haramu. Nipake upesi."

Nilisita, siwafichi. Nikamwita msimamizi wa kituo. Akatazama mashine, akasema huyu ameshasomwa, mpake. Nikapaka. Wino ukaingia kwenye piko, sikuuona tena. Akachukua kitambulisho chake huyo akaenda. Mimi nilikaa darasani na makarani wenzangu tukafundishwa mashine ile kwa picha na vitabu, na hapana aliyewaza kwamba rangi huweza kuisumbua. Yeye aliwaza, usiku, jikoni kwake, na bakuli la piko mbele yake.

Ngojeni, haijaisha. Tarehe 29 Agosti ikaja kura ya gavana. Kwa hivyo sisi Mombasa tulipakwa wino mara mbili mwezi mmoja. Nikasema leo tutaona. Piko ya kwanza imepauka, rangi ya chai ya maziwa, na mke wa mtu hapaki piko mara mbili kwa mwezi bila Idi wala arusi, mumewe atauliza. Akaja na plasta mpya mkononi, bado iko kwenye karatasi yake. Akapiga kura, nikampaka, wino safari hii ukaonekana vizuri kabisa. Akapuliza mpaka ukakauka, akaifungua plasta mlangoni akajifunga. "Nimejikata kwenye mbuzi ya kukunia nazi," akaniambia, na mimi sikuwa nimemuuliza. Alikuwa akilijaribu neno kwangu kabla ya kulipeleka nyumbani.

(Kicheko.)

Chekeni. Mimi kila nikisimulia nacheka kwanza, halafu nakasirika. Mtu mzima, raia, anajifunga plasta kidole kizima kwa sababu amechagua gavana.

Mtaniambia, na wewe Mwalimu mbona wamtangaza? Wanawake waliopaka piko Mombasa Agosti ile ni wangapi? Mtafuteni. Mkimpata mniambie, nami nimsalimie.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu kila mwaka. Katiba yetu, ibara ya 38, imempa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura ya siri. Vizuri. Lakini siri hiyo inalinda umemchagua nani. Kwenda kwenyewe hakulindwi na kitu, na kidole kinakisema barabara nzima. Kwa mwenye hofu ya chama au kabila, sheria inatosha. Kwa mwenye hofu ya ustadhi wake au ya wazee wa kutaniko lake, swali haliko kwenye karatasi. Swali ni: ulikwenda? Na jibu tumempaka sisi wenyewe, kwa brashi ya serikali.

Ndiyo maana nasema wino uondoke. Najua, najua, mtasema mashine hufa, na bila wino mtu atarudi kupiga kura mara ya pili. Mwaka 2013 zilikufa nyingi, betri ziliisha, watu wakarudi kwenye daftari la karatasi. Basi tumieni wino usioonekana mpaka umulikwe kwa taa yake, upo duniani, si uchawi. Kila nikilisema hili kuna bwana mmoja huniambia wino ni fahari, watu hupiga picha vidole vyao. Fahari ya nani? Yeye nyumbani kwake hapana anayemkagua mkono wakati wa kula.

Wala sikuja hapa kutoa fatwa. Wako masheikh wanaosema kutunga sheria ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na kumchagua mtunga sheria ni kumshirikisha. Wako wengine, mimbari hizihizi za mjini, wanahimiza watu wakajiandikishe. Wasomi wamalizane wenyewe. Na Mashahidi wa Yehova wanaita msimamo wao kutokuwamo, na msidhani nawacheka. Malawi, wakati wa Banda, walikataa kununua kadi ya chama. Wakapigwa, wakachomewa nyumba, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Mtu aliyelipa bei hiyo ili asishiriki siasa simwambii neno. Kenya hakuna sheria ya kukulazimisha kupiga kura, na nitakuwa wa kwanza kupiga kelele siku ikiletwa. Mimi nasema juu ya yule ambaye dhamiri yake imemwambia nenda, na anaogopa kuulizwa kwenye kikao cha Alhamisi cha dini yake.

Huyo ataniuliza: wakiniuliza nisemeje, nidanganye? Usidanganye. Nyamaza. Kunyamaza si uongo. Mambo mangapi ya chumbani mwako humwambii ustadhi, na dini yako iko palepale? Na kama huwezi kunyamaza, sema "hilo ni langu na Mola wangu," halafu ubadilishe mazungumzo, uliza bei ya samaki.

Na wanaoniambia wanawake wa Pwani kura si mila yetu, hao nawarudisha mwaka 1958. Wanawake wa mji huu walitia sahihi zao kulalamika kwamba wanawake wa Kiarabu wamenyimwa kura. Bibi zetu hao, wa buibui na ukaya. Walitia sahihi kwa majina yao, wazi, na wajukuu zao ndio hawa wanajifunga plasta.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Mlolongo wa 1988, kusimama nyuma ya picha ya mgombea mtaa mzima ukikuona, hilo wazee wenzangu mnalijua na vijana waulizeni. Daftari la wapiga kura: jina lako liko kituoni na mawakala wanaliona, kwa hivyo kama mtaani kwako kuna macho, hamishia kituo karibu na kazini, na fanyeni mapema, uchaguzi ni Agosti 2027. Simu: mtu akikwambia upige picha karatasi yako umletee, awe mgombea, mume au mchungaji, hiyo siri si yake. Wasioona na wasiojua kusoma: chagueni wenyewe wa kuwasaidia, kwa sababu ukienda peke yako msimamizi ndiye atakayekusaidia, na mawakala wamesimama hapo wakisikia kila jina. Hilo lilihitaji dakika kumi peke yake na nimelila kwa hadithi ya piko, nisameheni.

Maswali. Bi wa kule nyuma, mwenye mtandio wa kijani, umeinua mkono tangu kwenye plasta.