Shairi Lisikiwe Kabla ya Kuhesabiwa

Walimu wenzangu, wazee wetu, na wanafunzi mliokubali kubaki nasi baada ya vipindi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa ushairi wa Kiswahili shuleni na nafasi yake katika jamii. Mada ni pana, nami sina nia ya kuipitia yote. Nimechagua jambo moja ambalo limenikera kwa miaka mingi ya kusahihisha karatasi za fasihi, nalo ni kwamba tumewazoeza watoto wetu kulihesabu shairi kabla hawajalisikia. Ili tusibishane hewani, nimekuja na ubeti niliotunga kwa ajili ya darasa langu:

Njia haina mwenyewe, kila mtu hupitia,
Haijali uwe wewe, waziri ama raia,
Ina miba, ina mawe, peku ndiye huumia,
Nauliza nijibiwe, nani ataifagia?

Naomba ukumbi mzima tuusome kwa sauti mara mbili, na mara ya pili yeyote mwenye mahadhi aliyoyazoea auimbe. (Ubeti ulisomwa, kisha ukaimbwa na mzee mmoja aliyeketi upande wa dirishani.)

Ahsante sana, mzee wangu. Bila shaka mmeona kilichotokea. Mara ya kwanza kila mtu alikwenda kwa mwendo wake, lakini mzee alipoimba sote tulitua mahali pamoja, katikati ya mshororo, pale penye «mwenyewe», «wewe», «mawe» na «nijibiwe». Hakuna aliyetuamuru tutue. Silabi ya kituo hicho, «we», ndiyo tunayoiita kina cha kati, na vipande viwili vinavyogawanywa na kituo hicho ndivyo ukwapi na utao, kila kimoja kikiwa na mizani, yaani silabi, 8, jumla 16. Mtoto aliyekwisha kuimba ubeti huu mara tatu anazijua mizani zake hata kama hajalisikia neno lenyewe, kwa sababu akiongeza silabi moja sauti itamkwaza. Basi kazi ya mwalimu inakuwa ni kukipa jina kile ambacho mwanafunzi tayari anacho kinywani.

Sisi hufanya kinyume. Tunaingia darasani, tunaandika ubaoni «tathnia, tathlitha, tarbia, takhmisa», majina ya mashairi yenye mishororo miwili, mitatu, minne na mitano katika kila ubeti, mwanafunzi ananakili, na wiki inayofuata anapewa shairi alikague kama mtu anayekagua mizigo bandarini. Matokeo yake nayasoma kila mwaka. Mtahiniwa anaeleza kwa usahihi kabisa kwamba shairi ni tarbia, kwamba vina vyake vya kati na vya mwisho vinafanana, kwamba kila mshororo una mizani 16, na anastahili alama zake. Akifika kwenye swali la ujumbe anaandika, «Mshairi anazungumzia njia.» Basi. Hajajiuliza kwa nini waziri na raia wamewekwa katika mshororo mmoja, wala kwa nini anayeumia ni peku peke yake ilhali njia ni ya wote. Sifikirii kwamba mtoto huyu ni mzito wa akili. Amejibu kama alivyofundishwa, kwani tangu mwanzo shairi kwake lilikuwa kitu cha kupimwa.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuzitupe sheria za utungaji. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipozichapisha sheria hizo mwaka 1954 hakuzizua mwenyewe. Alikusanya yale ambayo malenga waliyafuata kwa masikio yao kwa karne nyingi. Tatizo ni kwamba kilichokuwa hitimisho la sikio sisi tumekigeuza kuwa mlango wa kuingilia. Tunamfikiria Muyaka bin Haji wa Mombasa kama jina la kwenye kitabu, ilhali diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya kufa kwake. Beti zake zilibaki kwa sababu watu wa Mvita walizihifadhi vichwani, wakazitia katika maongezi yao, hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika, akishirikiana na mmisionari William Taylor, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Waliozihifadhi hawakuwa wakijiandaa kwa mtihani wowote.

Na hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo yangu. Beti nyingi za zamani zilihifadhika kwa sababu zilikuwa zinamsemesha mtu. Malenga alirusha fumbo, mwingine akalifumbua. Mmoja alishambulia, mwingine akajibu kwa vina vilevile ili aonyeshe kwamba hakushindwa. Utamaduni huo wa malumbano ulipita kwenye baraza, ukaingia magazetini na redioni, na hadi leo upo. Shairi la Kiswahili, kwa asili yake, hungoja jibu. Shuleni tunaliuliza maswali kumi, lakini hatumruhusu mwanafunzi alijibu.

Nilipoligundua hili niliacha kwa muda kuuliza «dhamira ya mshairi ni ipi», nikawaambia wanafunzi wa kidato cha pili waujibu ubeti niliowasomea hivi punde, kwa vina vilevile. Wiki nzima walilalamika kwamba silabi «we» ni ngumu. Kisha msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakunyoosha mkono, akasimama na mishororo hii miwili:

Nakujibu uelewe, njia siyo ya kulia,
Kila mwiba uondowe, pale unapopitia.

Mwenzake akamrukia palepale: «Uondowe» si Kiswahili sanifu, ni «uondoe». Darasa likagawanyika, na ubishi ule ulikuwa mtamu kuliko somo lolote nililowahi kuliandaa. Kumbe msichana alihitaji kina, akabadilisha umbo la neno bila kuongeza mizani, jambo ambalo malenga hulifanya tangu zamani na ambalo vitabu huliita tabdila. Sikuwa nimelifundisha. Niliwapa tu jina lake, wakalikumbuka hadi walipomaliza shule.

Kutoka hapo nikaweza kuwaeleza kwamba Muyaka angeiita njia «ndia» na macho «mato», na kwamba hilo si kosa la tahajia bali ni Kimvita, lahaja ya watu wake. Nilifurahi kuona hakuna aliyecheka. Mwaka uliotangulia, nilipowapa lahaja kama orodha ya msamiati wa kukariri, walicheka sana.

Wengine wenu mtaniuliza habari za mashairi huru. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 tumebishana kama kisichokuwa na vina ni shairi. Ubishi wenyewe naupenda, ila namhurumia mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu tu, kwa maana akipewa shairi huru hana cha kuhesabu, hivyo anaandika kwamba shairi «halina arudhi», yaani kanuni za vina na mizani, na kuweka kalamu chini. Aliyezoea kusikiliza atauliza kwa nini mshororo umekatwa pale ulipokatwa, na pumzi ya msomaji inakwama wapi. Sikio linalofaa ni lilelile.

Kuhusu jamii nitasema kwa ufupi. Tuna ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza nchini Tanzania zikiwa majibizano ya kweli, mmoja anapinga na mwingine anamvuta hadi akubali. Leo katika sherehe nyingi zimebaki kuwa watoto waliopangwa mistari miwili wakimsifu mgeni rasmi, ambaye naye huwa anaangalia simu yake. Mpinzani ametolewa, na ngonjera isiyo na mpinzani ni risala iliyotiwa vina. Tungewarudishia watoto yule mpinzani, hata wazazi wangenyamaza kusikiliza wajue nani atashinda.

Tena tusiwasahau walio na sikio ambao hawakupita darasani. Niliwahi kumwalika bibi mmoja asiyejua kusoma, awasikilize wanafunzi wangu wakiimba tungo zao. Katikati ya utungo wa tatu aliinua kidole na kusema, «Hapo pamezidi, mjukuu wangu.» Tulihesabu. Mizani zilikuwa 17. Mimi nilikuwa nimeusahihisha utungo ule usiku uliotangulia, kwa kalamu nyekundu, na sikuona kitu.

Mezani pale mlangoni kuna karatasi zenye ubeti wa njia, na chini yake nimeacha nafasi ya mishororo minne. Msichana yule alijibu miwili tu. Nitakaa hapa mbele hadi saa kumi na moja, na mzee wetu amekubali kuziimba zote zitakazoletwa, zikiwamo zile zitakazomkwaza.