Machozi, Kamasi na Uso Usiooshwa
Mhadhara wa wazi uliotolewa Dodoma

Ndugu mwenyekiti, wauguzi na walimu wenzangu, wazee wangu na mama zangu mliofika, nawasalimu kwa Kigogo: Mbukwenyi.

Nimeombwa nieleze jinsi mwili unavyojikinga na maradhi katika sehemu zake zenye ute, yaani macho, pua, kinywa, mapafu, matumbo na njia ya uzazi. Ngozi ya nje ni kavu na nene, na tabaka lake la juu ni seli zilizokwisha kufa. Tando za ndani haziwezi kuwa hivyo, kwa maana pafu lenye ngozi kama ya kisigino lisingepitisha hewa, na utumbo wa namna hiyo usingefyonza chakula. Mwili umelazimika kuiacha milango yake ikiwa myembamba na yenye unyevu, na katika matumbo peke yake utando huo unakadiriwa kuwa na eneo la takribani mita za mraba 30, ilhali ngozi yote ya mtu mzima ni kama mita 2 tu. Huko ndiko vimelea vinakojaribu kupenya kila siku.

Nitaanzia kwenye jicho, kwa sababu tupo Dodoma.

Kila tunapopepesa, kifuniko cha jicho hulitandaza chozi juu ya jicho kama mama anavyosiriba ukuta, kisha hulisukuma hadi kona iliyo karibu na pua, ambako kuna kitundu cha kulitoa. Vumbi na vimelea huondoka nalo. Chozi lenyewe lina silaha: mwaka 1922 Alexander Fleming, ambaye miaka sita baadaye aligundua penisilini, alitangaza kwamba katika kamasi na machozi mna kitu kinachoyeyusha bakteria, akakiita lisozaimu. Tena kuna seli zilizotapakaa upande wa ndani wa vifuniko vya macho zinazotoa ute, na ute huo ndio unaolifanya chozi lishike juu ya jicho badala ya kuteleza na kumwagika.

Bibi yangu mzaa mama aliishi katika kijiji kimoja cha Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huu wa Dodoma. Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu ya jioni ilikuwa kumng'oa kope. Alikaa kwenye kigoda upande wa magharibi wa tembe ili jua linalotua limwangaze usoni, akanipa kikoleo kilichofuliwa na mhunzi, kisha akashika magoti yake kwa mikono miwili. Kope zilizopinda kuingia ndani zilikuwa fupi na ngumu, kwa sababu zilikuwa zimeng'olewa mara nyingi na kuota tena, na nilijua nimeishika ile yenyewe pale alipoacha kupumua. Zikitoka nne au tano alifuta jicho kwa ncha ya kanga na kusema, "Sasa nimepumzika, mjukuu wangu." Pumziko hilo lilidumu wiki tatu hivi. Alipofariki, jicho lake la kushoto lilikuwa halitofautishi mchana na usiku, na la kulia lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe.

Ule ulikuwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Bibi hakupofushwa na bakteria peke yake, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa jambo hili husemwa nusunusu. Bakteria wa trakoma, ambaye ni wa jamii ya klamidia, huingia ndani ya seli za utando wa jicho na kujificha humo, mahali ambapo chozi na lisozaimu yake havifiki. Mwili hutuma askari wake, na ukikigeuza kifuniko cha juu cha jicho la mtoto mgonjwa utaviona vijivimbe vidogo vyeupe walikokusanyika. Mara nyingi wanashinda, ila kinga inayobaki ni dhaifu na haidumu, hivyo mtoto huambukizwa tena, na tena, na kila vita huacha kovu. Makovu ya miaka ishirini au thelathini hujikunja, yakakivuta kifuniko kigeukie ndani, kope zikaanza kukwaruza kioo cha jicho. Makovu hayo hayo huziua seli za ute, jicho likakauka, likabaki halina hata ule ulinzi wake wa kwanza. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, maana ndio wanaokaa na watoto wadogo, na watoto wadogo ndio wenye maambukizi mengi.

Najua mtu atauliza: ikiwa kamasi na machozi ni walinzi, kwa nini tuyaoshe? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na bado linanikosesha subira, kwa sababu anayeuliza mara nyingi amebeba mtoto mwenye tongotongo mashavuni. Ute hulinda ukiwa mahali pake na ukiwa unatembea. Ukishavinasa vimelea na kutoka nje, kazi yake imekwisha, na kinachokauka usoni ni mzigo wa vimelea unaosubiri nzi. Nzi hutua kwenye jicho la huyu, kisha la yule. Tena nzi huyo huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, kwa hiyo choo cha nyumbani nacho ni ulinzi wa jicho.

Wengine husema kwamba maji hayapo. Nimekulia hapa, najua kwamba mvua yetu ni takribani milimita 570 kwa mwaka na kwamba mwezi wa kumi ndoo moja hutafutwa nusu siku. Lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Utafiti uliofanyika Kongwa yenyewe na kuchapishwa mwaka 1995 ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya macho peke yake na vijiji vilivyopewa dawa kisha vikahamasishwa kuosha nyuso, na hivyo vya pili vikawa na watoto wachache zaidi wenye trakoma kali. Ni watu wetu, na ukame ule ule. Chupa ya nusu lita iliyotobolewa kifuniko kwa msumari huosha nyuso za watoto sita, na maji hubaki. Nimefanya hivyo mbele ya akina mama mara nyingi, nao wakahesabu wenyewe. Dawa ya azithromaisini inayogawiwa mara moja kwa mwaka ni muhimu na asiikatae mtu, lakini kidonge hakimzuii nzi wa kesho.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami bado nipo kwenye jicho. Nitayapitia mengine haraka.

Katika njia ya hewa, ute hunasa vumbi, na vijinywele vya seli vinavyopiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde huupandisha hadi kooni, tukaumeza, na asidi ya tumbo ikamalizia kazi. Moshi wa kuni na wa sigara hudhoofisha vijinywele hivyo, na mtoto anayebebwa mgongoni jikoni huuvuta saa zile zile anazopika mama yake.

Katika matumbo, utando hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano, na mwili humwaga humo gramu kadhaa kila siku za kingamwili za aina ya A, ambazo huvishika vimelea kabla havijagusa seli. Mtoto mchanga hana za kutosha. Huzipata katika dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano ambayo bado wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Mama zangu, msikubali yamwagwe, hata kama anayeagiza ni mkwe. Matone ya polio nayo hupitia kinywani ili kinga ijengeke kwenye utumbo, mahali kirusi kinapoingilia. Sindano hulinda vizuri dhidi ya kupooza, lakini huko utumboni haifiki sana.

Njia ya uzazi inadai siku yake na sitaigusa leo. Hapo nje, karibu na bomba, kuna chupa tano, msumari na watoto wa jirani walioruhusiwa na wazazi wao. Anayetaka kuhesabu nyuso anifuate.