Programu ya tiketi za treni kwa Java: kiti kimoja, abiria wawili

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo twaunda programu ndogo ya kukata tiketi za treni kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Kama wewe ni mtu wa Python, lugha nyengine, usiondoke, mpangilio ni ule ule, ni maandishi tu yanayobadilika. Kompyuta iache kwanza. Chukua karatasi na kalamu.

Treni tutakayoiiga ni ile ya asubuhi kutoka Miritini, inayosimama njiani. Ile ya moja kwa moja hadi Nairobi ingeturahisishia kazi mno, tusijifunze kitu. Andika vituo kwa mpangilio, uvipe namba kuanzia sufuri: Mombasa 0, Mariakani 1, Miasenyi 2, Voi 3, Mtito Andei 4, Kibwezi 5, Emali 6, Athi River 7, Nairobi 8. Namba hizi zishike, ndizo zitakazotubeba.

Sasa fikiria. Abiria wa kiti nambari 14 ashuka Voi, aenda zake Wundanyi. Kutoka Voi hadi Nairobi kiti kile ni cha nani? Wanaoanza programu karibu wote huandika klasi ya Kiti, yaani kielelezo cha kuundia viti, yenye kigeu kimoja (mahali pa kuhifadhi thamani) kiitwacho kimekatwa: ndiyo au la. Matokeo yake, mtu wa Voi aambiwa treni imejaa, huku kiti chasafiri kitupu hadi Nairobi. Msimu wa Idi au Desemba, tiketi zinapogombaniwa, hilo halivumiliki. Basi kigeu hicho kifute. Kiti chetu hakitakuwa na jibu la ndiyo au la. Kitakuwa na orodha ya tiketi zake.

Haya, tufungue kompyuta. Anza na klasi ya Tiketi. Ndani tia jina la abiria, kuanzia, kufikia na nauli. Kuanzia na kufikia ni namba za vituo. Nauli iweke kwa int, yaani namba nzima, shilingi kamili. Usitumie double, aina ya namba za desimali, kwa pesa hata siku moja: kwenye double, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, na mhasibu hataki kusikia habari hizo.

Klasi ya pili ni Kiti. Tia namba, daraja, na orodha ya tiketi. Orodha hiyo itangulize neno private, yaani mlango umefungwa. Asiye Kiti haigusi. Anayetaka nafasi abishe hodi kupitia methodi, yaani agizo lenye jina ndani ya klasi, nayo tuiite kata. Kazi yake ni kupitia kila tiketi iliyomo, tuiite t, na kuuliza swali moja; kuanzia na kufikia zisizo na t ni za tiketi mpya inayoombwa, na alama && maana yake ni na:

kuanzia < t.kufikia && t.kuanzia < kufikia

Tazama mstari huu vizuri, ndio moyo wa programu nzima. Jibu likiwa kweli hata kwa tiketi moja, safari mbili zimegongana na methodi irudishe false, yaani imekataa. Zisipogongana, ongeza tiketi mpya na urudishe true, yaani imekubali. Angalia pia kwamba nimetumia < peke yake. Ukitia <=, anayeshuka Voi na anayepanda Voi wataonekana wanagombana, na tutarudi pale pale tulipotoka.

Kuhusu daraja: kuna walimu watakaokwambia uunde klasi mbili zinazorithi Kiti, yaani zinazochukua sifa zake zote, moja ya daraja la kwanza na moja ya la kawaida. Mimi siafiki. Viti hivyo vyakatwa kwa njia moja, tofauti ni nauli tu. Tumia enum, yaani orodha fupi ya majina yaliyowekwa, yenye majina mawili, yatosha. Urithi uuweke mpaka tabia itofautiane kweli.

Klasi ya tatu, Safari: tarehe na orodha ya viti. Hapa pana mtego. Kiti 14 cha leo na kiti 14 cha kesho, kwenye behewa ni kiti kile kile, lakini kwenye programu ni objekti mbili, yaani vitu viwili vilivyoundwa kutokana na klasi moja. Kila Safari iunde viti vyake upya, la sivyo tiketi ya Jumatatu itamzuia abiria wa Jumanne.

Sasa ijaribu. Kwenye main, methodi ambapo programu huanzia, kata kiti 14 kutoka 0 hadi 3: yatoka true. Kata tena kile kile, 3 hadi 8: true. Halafu mtu wa Mariakani aende Mtito Andei, 1 hadi 4: lazima ikatae. Ikikubali, rudi kwenye ule mstari wa swali uukague. Na ikiwa ile ya 3 hadi 8 ndiyo iliyokataliwa, hakikisha umeandika && si ||, ambayo maana yake ni au.

Limebaki jambo moja. Watu wawili, mmoja Likoni na mmoja Kisauni, wakibonyeza kwa wakati mmoja, wote waweza kuulizwa swali kabla tiketi ya yeyote haijaingia orodhani, na wote wakajibiwa true. Kabla ya methodi kata tanguliza neno synchronized. Kwa kila kiti, ombi la pili litasubiri la kwanza limalize. Hili latosha programu ikiwa kwenye kompyuta moja. Ukihamia kompyuta kadhaa, kufuli hiyo itabidi iwekwe kwenye hifadhidata, nayo ni video nyengine. Kwa leo tia neno hilo, hifadhi faili, uiendeshe tena.