Kibaraza cha Eatonville: Zora, Janie na midomo ya watu

KHAMISI: Haya karibuni tena, leo nina lawama kidogo maana huyu dada Neema alinipa kitabu akaniambia kaka soma kurasa tatu za mwanzo tu halafu tutaongea, mi nikasoma chote, saa nane usiku bado nimo, kesho yake kazini nasinzia kama mlinzi.

NEEMA: Umesinzia kwa faida bana. Waambie wasikilizaji kitabu gani.

KHAMISI: Their Eyes Were Watching God, cha Zora Neale Hurston, Mmarekani Mweusi, kilitoka 1937. Na kinaanzia kibarazani! Yaani mi nilidhani kibaraza ni cha kwetu tu. Jua linazama, watu wametoka vibaruani wamejikalia, mara huyo Janie anapita, mtu wa miaka 40, kavaa ovaroli, nywele zinaning'inia mgongoni, anarudi mjini Eatonville peke yake. Hajafungua mdomo kashahukumiwa.

NEEMA: Na maswali yao sasa! Lile gauni la satini aliloondoka nalo liko wapi, hela alizoachiwa na marehemu mumewe kazipeleka wapi, yule kijana wake kamwacha wapi, na mtu mzima nywele za kisichana za nini. Hakuna hata mmoja anayeuliza umekula? Shoga yake Pheoby peke yake ndo anazunguka nyuma ya nyumba na sahani ya wali. Mi hapo ndo nilipompenda huyu mwandishi.

KHAMISI: Sa ngoja nikubane. Tulisema leo tunaongelea wanawake wenye makuu, mi nimesoma chote, hayo makuu ya Janie sijayaona, hataki cheo, hataki duka, anataka mapenzi tu.

NEEMA: We hilo neno makuu umelisikia vizuri lakini? Mwanamume akitaka vitu vikubwa tunasema huyo kaka ana malengo, mwanamke akitaka tunasema ana makuu huyo, na hapo hatumsifii. Sasa mwangalie Joe Starks, mume wake wa pili. Kaja Eatonville na hela zake, kanunua ardhi, kafungua duka na posta, kajifanya meya, na kibaraza kinamnung'unikia kweli ila kofia wanavua. Mkewe wanaposema mama meya naye atupe maneno mawili, Joe anakatiza hapohapo, mke wangu mambo ya hotuba hayajui. Dukani kamfungisha kitambaa nywele zisionekane, kibarazani watu wanapiga soga za nyumbu wa kulimia wa jirani yao Matt Bonner haruhusiwi kuchangia. Miaka kama 20! Kwa hiyo usiniambie hataki kitu, anataka kuongea, na kwa mwanamke wa pale hayo tayari ni makuu.

KHAMISI: Ila siku alipoongea, aliongea. Mume anamcheka uzee mbele za watu, naye akamjibu kwamba uzee wenyewe unaonekana yeye akivua suruali, aisee mi niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo.

NEEMA: Hahaha, na Joe hakupona tena.

KHAMISI: Haya, Tea Cake je, mume wake wa tatu? Wasomaji wengi wanamsifu, kijana kamfundisha Janie kucheza drafti, kampeleka kulima maharage kule Everglades, raha mustarehe. Lakini alimpiga. Alimpiga ili watu wajue nani bwana, na wanaume wenzake wakamwonea wivu. Hapo Zora kanishinda, kapita kama vile kaona mbuzi njiani.

NEEMA: Mi pia simsamehei, sitaki kumtetea. Labda niseme tu kwamba hakutuficha, kaandika mpaka wale wanaopiga makofi. Ila kuna jambo nyuma yake. Zora mwenyewe alikuwa na kijana anampenda sana, mdogo kwake mno, na yule kijana akamwambia acha hii kazi yako, tuoane, tuondoke New York. Zora akakimbia. Alipata fedha za Guggenheim, ufadhili wa waandishi na wasomi, 1936 akaenda Jamaika, kisha Haiti, na hukohuko Haiti akaandika kitabu chote kwa wiki saba. Ndo maana mi naona Janie alipewa mapenzi ambayo mwandishi aliyaacha kwa ajili ya kalamu.

KHAMISI: Sa turudi alikotoka maana hiyo ndo stori. Eatonville ni mji kweli, uko Florida jirani na Orlando, ulisajiliwa 1887, mji wa Weusi unaoendeshwa na Weusi, na baba yake Zora aliwahi kuwa meya.

NEEMA: Kwa hiyo kakua anaona watu wake wanatawala, halafu mama yake anawaambia watoto rukeni mlifuate jua, hamtalifikia ila mtakuwa mmetoka ardhini. Mama akafa Zora bado mtoto, baba akaoa upesi, nyumba ikamshinda, akawa mtu wa kuhangaika na kazi za ndani. Sasa sikiliza. 1917 yuko Baltimore, ana miaka 26, shule hakumaliza, na shule ya bure ni ya vijana wadogo tu. Akafanyaje?

KHAMISI: Akasema ana 16.

NEEMA: Kumi nzima kakata! Na hakuzirudisha tena mpaka anakufa, akiulizwa anasema mi wa 1901, au anataja mwaka mwingine wa uongo, kumbe wa 1891. Kwa uongo huo akamaliza sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Howard, akapata skolashipu ya Barnard, chuo cha wanawake New York, 1925, Mweusi peke yake chuo kizima, akasoma anthropolojia, elimu ya watu na mila zao, chini ya profesa Franz Boas, akahitimu 1928. Darasani wenzake wanaona binti wa miaka 27, kumbe mama wa 37.

KHAMISI: Na akaenda kukusanya hadithi za kibaraza kilekile alichokua nacho. Halafu kitabu kinatoka, nani anamsema? Siyo wazee wa Eatonville! Richard Wright, mwandishi Mweusi mwenzake, akaandika kwenye jarida la New Masses kwamba kitabu hakina ujumbe, hakina wazo, kinawachekesha Wazungu. Mi namwelewa Wright kidogo, Weusi wananyongwa kusini mwa Marekani, yeye anataka fasihi ya kupigana.

NEEMA: Apigane, nani kamkataza? Ila mwanamke kurudi kwake kichwa juu hiyo siyo mada? Hicho nacho ni kibaraza, kina vitabu tu na miwani.

KHAMISI: Haya bwana.

NEEMA: Na hela hakupata. 1950 alikuwa hausigeli huko Miami, bosi wake kafungua jarida la Saturday Evening Post anasoma, anakuta hadithi ya mfanyakazi wake, yuleyule anayepiga deki hapo.

KHAMISI: Doh.

NEEMA: Magazeti wakaiokota hiyo habari, wengine wakamwonea huruma, na mi nadhani huruma ilimuuma kuliko kusengenywa. Akafa Januari 1960 Fort Pierce, hukohuko Florida, kwenye nyumba ya maskini ya kaunti, watu wakachanga mazishi, kaburi halina hata jiwe. 1973 ndo Alice Walker, mwandishi kijana wakati huo, akaenda kulitafuta, akawa anajitambulisha kwa watu kwamba ni mpwa wake.

KHAMISI: Uongo tena.

NEEMA: Uongo wa heri! Majani yamefika kiunoni, anaogopa nyoka, anaita Zora! Zora! mguu ukazama kwenye kishimo, akasema basi ni hapa. Akanunua jiwe, akaandikisha jina, fani zake, na miaka. Sasa miaka yenyewe, nenda kaangalie picha yake.

KHAMISI: Usiniambie.

NEEMA: 1901 mpaka 1960.

KHAMISI: Yaani zile kumi...

NEEMA: Zile kumi kaondoka nazo. Mpaka kwenye jiwe.