Nepi za Kitambaa: Faida Zake na Masharti Yake

Ndugu wazazi na walezi,

Nashukuru kwa kufika kwenu. Mama zetu walikata nepi kutoka katika kanga kuukuu na mashuka laini, lakini leo familia nyingi za mijini hazitumii kitu kingine isipokuwa pampasi. Nasema bila kusita kwamba familia yenye maji na mahali pa kuanikia inajinyima mengi inapoacha kabisa nepi za kitambaa.

Mtoto anayebadilishwa mara 5 kwa siku kwa muda wa miaka 2 hutumia nepi 3,650. Kila mmoja azidishe idadi hiyo kwa bei ya pampasi moja katika duka la mtaani kwake, kisha ailinganishe na bei ya nepi 24 za pamba, ambazo zikitunzwa vizuri atazirithi hata mdogo wake. Gharama ya sabuni nayo iingie katika hesabu, pamoja na ya maji kwa anayenunua kwa ndoo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni takataka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia mwaka 2017, lakini pampasi, ambayo sehemu yake kubwa ni plastiki, bado inatupwa majalalani, na mbaya zaidi katika mitaro na mito, ikiwa imefungwa na kinyesi ndani. Wengi huamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, ilhali kinaweza kubeba vimelea vya kuhara kama kile cha mtu mzima. Anayetumia kitambaa hukimwaga chooni kwanza ndipo afue, na chooni ndipo kinapostahili kwenda.

Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti ulioonyesha kwamba faida ya nepi hizi kwa mazingira hutegemea ufuaji: anayezikausha kwa mashine ya umeme huipoteza, ilhali anayejaza mashine vizuri anapofua, akazianika nje na kuzitumia tena kwa mtoto wa pili, hupunguza hewa ya ukaa kwa takriban asilimia 40 kuliko anayezitumia nepi hizo hizo kwa namna ya kawaida. Sisi wengi tunafua kwa mikono na kuanika kambani, kwa hiyo sharti ambalo ni gumu kwao kwetu ni desturi ya kila siku.

Kuhusu ngozi, niwe mkweli: kitambaa peke yake hakizuii upele. Pampasi hufyonza mkojo vizuri, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa kuwa mzazi huiacha kwa saa nyingi hata mtoto akiwa amejisaidia. Kitambaa kikilowa hujulikana mara moja, nacho kibadilishwe papo hapo. Nepi zisuuzwe mpaka povu liishe, kwa sababu mabaki ya sabuni huwasha ngozi, kisha zianikwe juani zikauke kabisa.

Kazi hii isimwelemee mama aliyetoka kujifungua. Baba anaweza kufua, na asiyefua achote maji na kuanika. Usiku, au safarini, pampasi moja haiharibu mpango wowote; anzeni na nepi chache za mchana, kisha ongezeni kadiri mnavyozoea.