Muwa Ukishakatwa, Bado Unakula Sukari Yake

Wazee wetu, akina mama, walimu na vijana, hamjambo. Wengi wenu mmekuja hapa Kisumu kutoka Muhoroni, Chemelil na Miwani, kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo nitaanza na miwa.

Jani la muwa huingiza hewa ya kabonidioksidi kupitia vitundu vidogo mno viitwavyo stomata. Maji yanapanda kutoka mizizini, na klorofili, ile rangi ya kijani, inanasa nguvu za jua. Humo ndani hutengenezwa sukari iitwayo glukosi. Glukosi yenyewe ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni, lakini muwa hauiachi hivyo. Huiunganisha na ndugu yake fruktosi ikawa sukrosi, kisha huisafirisha kutoka jani hadi kwenye bua. Hiyo sukrosi ndiyo tunayotia kwenye chai.

Mahindi, muhogo na viazi vitamu vina mtindo mwingine: hufunga glukosi maelfu kwa maelfu ikawa wanga. Sukari iliyoyeyuka huvuta maji, na seli iliyojaa glukosi tupu ingefura. Wanga hauyeyuki, basi hutulia. Choma kiazi kitamu polepole kwenye majivu ya moto uone kile kinachonata kwenye ganda. Joto linapopanda taratibu, kimeng'enya kilichomo ndani ya kiazi, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, hupata nafasi ya kuukata wanga kuwa maltosi, yaani glukosi mbilimbili. Kiazi hichohicho ukikipika kwa haraka, kimeng'enya huharibika mapema na utamu unapungua.

Sisi nasi tuna akiba yetu ya glukosi mwilini. Mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard, katika miaka ya 1850, ndiye aliyeitoa kwenye ini akaiita glaikojeni. Ini la mtu mzima hubeba takriban gramu 100, misuli yote pamoja kama gramu 400. Lakini misuli ni choyo: glukosi yake huichoma yenyewe, haiirudishi kwenye damu. Ini ndilo linalogawa. Na sasa sikilizeni hili: damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina glukosi ya gramu 5 hivi tu, kijiko kimoja cha chai! Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku. Kwa hiyo usiku kucha, wewe umelala, ini linatoa kidogo kidogo kwa amri ya homoni ya glukagoni. Ukishakula, kongosho hutoa insulini ili sukari iingie akibani. Insulini ikikosekana, sukari hujaa kwenye damu huku seli zina njaa. Kabla watafiti Banting na Best hawajaitoa insulini kwenye kongosho kule Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto mwenye kisukari cha aina hiyo hakuwa na wa kumwokoa.

Nirudi shambani, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Muwa ukikatwa haufi papo hapo. Seli zake zinaendelea kupumua, na kupumua kunataka glukosi. Kimeng'enya kiitwacho invatesi kinaipasua sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, ambazo kiwandani hazigandi kuwa chembe za sukari. Bakteria nao wanaingia pale panga lilipopita. Muwa uliochomwa moto shambani ndio huharibika upesi zaidi. Wakati huohuo maji yanakauka, na mkulima hulipwa kwa uzito. Miwa ikilala kando ya barabara siku tatu, nne, ikingoja trekta, mkulima amepoteza kilo na kiwanda kimepoteza sukari. Miezi 18 ya jua na jasho inaliwa na muwa wenyewe, na ni haki yake: akiba ile muwa uliiweka kwa ajili ya machipukizi yake, haukutuwekea sisi.

Kwa hiyo usikubali miwa yako ikatwe kwa ahadi ya simu. Panga liingie shambani siku ambayo trekta imeshafika na zamu yenu kwenye mizani inajulikana. Karibuni maswali, tuanze na mama aliyeinua mkono kule nyuma.